Jinsi ya Kupanga Safari ya Brazil Bila Kuimalizia Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili

Mipango ya safari ya Brazil ninayoletewa niikague karibu yote ina kasoro moja. Mtu ana siku kumi. Kwenye karatasi ameandika Rio, maporomoko ya Iguaçu, Amazon, Salvador, halafu chini kabisa "Pantanal, muda ukiruhusu". Muda hautaruhusu. Brazil ina takriban kilomita za mraba milioni 8.5, karibu mara tisa ya Tanzania, na vivutio hivyo vitano viko pembe tano tofauti za nchi. Mpango wa namna hiyo hauuawi na uhaba wa pesa, unauawa na umbali.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa kawaida anayetoka Afrika Mashariki kwa pesa yake mwenyewe. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, maana nyingi zinategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu. Hati ikikaribia kuisha, ianze hiyo kwanza.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Sababu yake utaikuta Hatua ya 3, na siyo ile ambayo wengi huidhania.
- Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, pamoja na barua ya mwajiri au hati za biashara.
- Kadi mbili za benki za Visa au Mastercard, zilizofunguliwa kwa malipo ya nje na ya mtandaoni. Moja ikigoma, nyingine inakuokoa.
- Siku 12 hadi 16. Ukitoa siku za kwenda na kurudi zinabaki kumi na kitu. Ukiwa na siku nane tu, kaa mji mmoja na utafurahi zaidi.
- Kalenda ya sikukuu za Brazil ya mwaka unaosafiri.

## Hatua ya 1: Chagua kanda mbili, zisizidi

Kila kanda unayoongeza inakula siku nzima: kufunga mizigo, kwenda uwanjani, kubadilisha ndege São Paulo au Brasília, kufika jioni umechoka. Toka São Paulo hadi Manaus ni karibu saa nne angani. Anayetaka kanda nne kwa siku kumi atatumia siku nne akiangalia migongo ya viti.

Hizi ndizo kanda zenyewe, pamoja na maoni yangu:

Rio de Janeiro. Milima, bahari na jiji vimebanana sehemu moja. Siku nne zinatosha. Kama ni mara yako ya kwanza, Rio iwe mojawapo ya zile mbili.

Foz do Iguaçu. Maporomoko takriban 275 yaliyotandaa kwa upana wa kilomita 2.7. Siku mbili kamili, basi. Mji wenyewe hauna la kukushikilia zaidi ya hapo, labda bwawa la Itaipu lenye uwezo wa megawati 14,000.

Salvador, Bahia. Kwa msomaji wa pwani yetu, hapa ndipo ninaposukuma kila mara. Mji ulikuwa makao makuu ya Brazil hadi 1763, na hadi leo Uafrika wake uko wazi kwenye ngoma, dini na chungu. Barabarani utawakuta akina mama wenye vilemba na magauni meupe mapana wakikaanga acarajé: kunde zilizosagwa, zikafinyangwa na kuzamishwa kwenye mafuta ya mawese yanayochemka hadi ganda liwe la rangi ya kutu. Wanalipasua katikati, wanajaza uji mzito wa vatapá, kamba wakavu na pilipili. Aliyelelewa na bagia za kunde hatauliza maswali. Ukikaa mezani agiza moqueca, samaki wa tui la nazi na mawese.

Pantanal. Nyanda za majimaji kubwa kuliko zote za kitropiki duniani. Wanyama wanaonekana kwa sababu eneo ni wazi.

Amazon kupitia Manaus. Msitu, mito na ukimya. Hapa lazima niseme ukweli: ukienda Amazon ukitegemea wanyama wa kujipanga kama Serengeti, utarudi na manung'uniko. Msitu ni mnene, wanyama wako juu ya miti au wamejificha, na mwongozaji wako atakuonyesha mkia wa nyani kwa darubini. Nenda kwa ajili ya mto wenyewe. Karibu na Manaus, maji meusi ya Rio Negro na maji ya tope ya Solimões hutiririka ubavu kwa ubavu kwa kilomita kadhaa bila kuchanganyika, kwa kuwa yanatofautiana joto, kasi na uzito. Ukiweka mkono majini boti inapovuka mpaka ule, unausikia ubaridi ukibadilika. Anayetaka wanyama aende Pantanal.

Miunganiko inayofanya kazi vizuri: Rio na Iguaçu, Rio na Salvador, Rio na Pantanal. Ukiwa na siku 16 unaweza kuweka Iguaçu, Rio na Salvador kwa mstari huo, kutoka kusini kupanda kaskazini.

*Utajua umefaulu* mpango wako ukiwa na safari za ndege za ndani zisizozidi tatu, au nne kwa mpango ule wa siku 16.

## Hatua ya 2: Linganisha kanda na mwezi

Watu wanauliza "mwezi gani mzuri kwenda Brazil?" Swali hilo halina jibu, kama vile kuuliza mwezi mzuri wa kwenda Afrika. Uliza kanda kwa kanda.

Pantanal: Julai hadi Oktoba. Maji yamepungua na wanyama wamekusanyika kwenye mito iliyobaki. Huu ndio msimu wa jagwa (jaguar), paka mkubwa wa madoadoa wa Amerika. Kuanzia Novemba mvua inaanza, na Transpantaneira, barabara ya vumbi ya kama kilomita 145 kutoka Poconé hadi Porto Jofre yenye madaraja zaidi ya mia moja, inageuka tope.

Manaus: mto hufikia kilele karibu Juni, na wakati huo unapita kwa mtumbwi katikati ya matawi ya miti iliyozama. Oktoba na Novemba maji huwa chini. Ukame wa 2023 na ule wa 2024 ulishusha Rio Negro hadi viwango vya chini visivyowahi kurekodiwa pale Manaus, boti zikashindwa kufika sehemu nyingi. Ukienda miezi hiyo, iulize hoteli ya msituni kabla ya kulipa: boti inafika mpaka gatini, au tutatembea kwenye tope?

Rio: Desemba hadi Machi ni joto kali na mvua za ghafla. Mei hadi Septemba anga ni safi zaidi na bei ziko chini, isipokuwa Julai, shule zinapofungwa.

Salvador: mvua kubwa ni Aprili hadi Julai. Septemba hadi Machi ni jua.

Iguaçu: mwaka mzima, ila angalia habari za mafuriko. Oktoba 2022 mto ulijaa mara kadhaa ya kawaida hadi njia za miguu zikafungwa.

Onyo la bei: Carnaval, ile sherehe kubwa ya ngoma mitaani, na mkesha wa mwaka mpya, hasa Rio na Salvador. Hoteli hupandisha bei maradufu na zaidi, na nyingi hulazimisha ulipe usiku nne au tano kwa mpigo. Carnaval haina tarehe ya kudumu. Jumanne yake ni siku 47 kabla ya Pasaka, kwa hiyo mwaka 2027 itakuwa tarehe 9 Februari. Kama hukuja kwa ajili ya ngoma, kimbia wiki hiyo. Kama umekuja kwa ajili yake, lipia hoteli miezi sita kabla.

## Hatua ya 3: Viza na kadi ya njano

Pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinahitaji viza ya Brazil. Brazil ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Unajaza fomu mtandaoni kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Nje, unachapa risiti yake, kisha unapeleka na pasipoti, picha, taarifa ya benki, mpango wa safari na uthibitisho wa malazi.

Zingatia mpangilio huu, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea: ubalozi unataka kuona mpango wa ndege, lakini usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka. Chukua nafasi ya ndege iliyoshikiliwa na wakala, au tiketi inayoweza kufutwa. Hoteli vilevile, chagua zile za kufuta bure.

Ada, muda wa kusubiri na orodha kamili ya nyaraka hubadilika. Zisome kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe wiki ile unayoomba, usitegemee picha ya skrini ya mwaka juzi kwenye kundi la WhatsApp.

Wenzetu mlioko ughaibuni: kinachoangaliwa ni pasipoti, siyo mahali unapoishi. Pasipoti ya Uingereza inaingia kama mtalii bila viza. Ya Marekani na ya Canada, tangu tarehe 10 Aprili 2025, zinahitaji viza ya kielektroniki.

Sasa kadi ya njano. Wengi huiweka mfukoni kwa ajili ya kuingia Brazil, wakiona hawakuulizwa wanaitupa chini ya begi. Itakapodaiwa kwa nguvu ni ukirudi nyumbani, kwa sababu Brazil imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Ukichanjwa mara moja, cheti kinatambulika maisha yako yote, kwa hiyo usikubali mtu akwambie kimeisha muda. Na ukipanga kwenda Amazon, muulize daktari kuhusu dawa za kinga ya malaria. Kuzoea mbu wa kwetu si kinga.

*Utajua umefaulu* ukiwa na viza ndani ya pasipoti, jina limeandikwa sawasawa, na umesoma kama inaruhusu kuingia mara moja au zaidi. Hilo la mwisho litakuhusu Iguaçu.

## Hatua ya 4: Nunua tiketi ya kimataifa

Lango la kweli ni uwanja wa Guarulhos, São Paulo. Ethiopian wanaruka kutoka Addis Ababa hadi hapo, na kwa wengi wetu ndiyo njia fupi. South African wanatoka Johannesburg. Kupitia Dubai au Doha kunawezekana, ila unarudi nyuma kwanza halafu unakaa angani zaidi ya saa 14.

Kitu kimoja cha kufurahisha: Brasília na São Paulo ziko saa sita nyuma yetu, na Brazil iliacha kusogeza saa mwaka 2019. Kwa hiyo namba unayoitaja kwa Kiswahili nyumbani ndiyo namba iliyoko kwenye saa ya ukutani São Paulo. Mama akisema ni saa mbili usiku, wewe uko saa 2 mchana kwa saa yao. Manaus na Cuiabá, mji wa kuingilia Pantanal, ziko saa moja nyuma zaidi.

## Hatua ya 5: Nunua tiketi za ndani

Mashirika makubwa ni matatu: LATAM, Gol na Azul. Wasomaji wanakwama hapa kwa sababu tatu.

Kwanza, CPF. Hii ni namba ya mlipakodi ya Brazil, na fomu nyingi za mtandaoni huidai. Usibuni namba. Tafuta kitufe cha kuchagua pasipoti au mgeni. Kisipokuwepo, badilisha nchi na lugha ya tovuti, mara nyingi kinajitokeza. Kadi yako ikikataliwa mara mbili usiendelee kulazimisha, benki itaifunga. Nunua kupitia wakala.

Pili, viwanja pacha. São Paulo ina Guarulhos na Congonhas, na kuna Viracopos iliyoko Campinas, karibu kilomita 100 kutoka jijini, ambayo baadhi ya tovuti huiandika kama São Paulo. Rio nayo ina Galeão na Santos Dumont. Kutua Guarulhos halafu kupanda nyingine Congonhas maana yake ni kuvuka jiji lenye foleni za kutisha. Soma herufi tatu: GRU, CGH, VCP, GIG, SDU.

Tatu, mizigo. Ukitua Brazil mara ya kwanza unapita uhamiaji hapohapo, unachukua begi lako, unapita forodha, kisha unalikabidhi upya kwa ndege ya ndani, hata kama tiketi ni moja. Acha pengo la saa tatu kama ni tiketi moja. Kama umenunua tiketi mbili tofauti, acha saa tano, au lala São Paulo. Ndege ya ndani ikikuacha kwenye tiketi tofauti, hakuna wa kukufidia.

Kati ya São Paulo na Rio basi ni zuri, kama saa sita. Kwenye tiketi, *leito* ni kiti kinacholala karibu kabisa, *semi-leito* kinalala nusu. Nenda na pasipoti yenyewe, si nakala.

## Hatua ya 6: Pangilia siku za vivutio vyenye mitego

Cristo Redentor, Rio. Sanamu ya Yesu Kristo ya mita 30 juu ya mlima wa mita 710, na wingu hulipenda eneo lile. Kuna waliopanda, wakalipa, wakaona ukungu mtupu na vidole vya miguu vya zege. Usiifunge siku ya kwanza wala ya mwisho. Iache wazi siku mbili, asubuhi toka nje uangalie: ukiiona sanamu kutoka barabarani, nunua tiketi. Panda kwa treni ya Cosme Velho au kwa magari rasmi. Nenda asubuhi, maana sanamu inatazama mashariki na jua huwa usoni pake; mchana unapiga picha ya kivuli. Machweo yahifadhi kwa mlima wa Pão de Açúcar, unakopanda kwa magari ya kamba mawili, moja baada ya jingine.

Ukiwa Rio usipite bila kufika Cais do Valongo, gati lililofukuliwa chini ya barabara karibu na bandari. Inakadiriwa Waafrika 900,000 walishushwa hapo utumwani, na ingawa wengi walitoka Angola na Kongo, miongoni mwao walikuwamo waliosafirishwa kutoka Msumbiji. Hakuna kiingilio. Mawe yapo pale pale, unasimama juu yake kidogo ukiyatazama kwa chini.

Iguaçu. Maporomoko yako mpakani. Upande wa Brazil unakupa mandhari nzima, kwa njia fupi ya miguu inayoishia kwenye daraja mbele ya Koo la Shetani, Garganta do Diabo. Utalowa, simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Upande wa Argentina una sehemu kubwa ya maporomoko, lakini pasipoti zetu zinahitaji viza ya Argentina, na ukitoka Brazil kwa viza ya kuingia mara moja hutarudi. Dereva atakuambia "hawaangalii". Akikosea, atakayebaki mpakani ni wewe. Tahadhari ni ileile kwa daraja la kwenda Ciudad del Este, Paraguay, ambako magari hupita bila kusimamishwa na mtu anajikuta yuko nje ya nchi bila muhuri. Upande wa Brazil peke yake unatosha.

Na usile ukitembea. Wale wanyama wadogo wenye pua ndefu na mkia wa pete, quati, wanaonekana wapole mpaka waone mfuko wa karanga. Wanakwea mguu wako kwa kucha.

Porto Jofre, Pantanal. Panga siku tatu za boti, si moja. Jagwa hutembea ukingoni mwa mto akiwanyatia kaimani, jamii ya mamba, na siku anayoonekana hakuna anayeijua.

## Hatua ya 7: Hakiki mwongozaji kabla ya kulipa

Waongoza watalii, kampuni za ziara na hoteli hutakiwa kuwa kwenye Cadastur, daftari la Wizara ya Utalii ya Brazil, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina humo mtandaoni. Omba namba yake, itafute, linganisha na jina la akaunti unayoambiwa utume pesa. Vikitofautiana, acha. Uwanjani Manaus na Cuiabá utapokelewa na watu wenye albamu za picha na bei za kuvutia. Wapite.

## Hatua ya 8: Pesa, umeme na simu

Sarafu ni real. Kadi hupokelewa karibu kila mahali, hata na muuza nazi ufukweni. Wabrazil wenyewe wanalipana kwa Pix, mfumo wa simu wa Benki Kuu yao, ambao mgeni asiye na akaunti ya huko hautumii kirahisi. Ukiambiwa "Pix tu", toa noti. Asilimia 10 inayoongezwa kwenye bili ya mgahawa ni ya hiari, ila kuikataa huonekana ubahili.

Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii, nunua adapta kabla hujatoka. Volti hubadilika mji hadi mji, Rio 127, Brasília 220. Chaja ya simu haina shida. Pasi ya kutoka nyumbani iache.

Simu usiitoe kando ya barabara, Rio wala São Paulo. Ukitaka kuangalia ramani, ingia dukani. Teksi iite ukiwa ndani, kwa programu ya Uber au ile iitwayo 99, na usome namba ya gari kabla ya kufungua mlango.

Kireno jifunze maneno ishirini. Kiingereza hakitakufikisha mbali nje ya hoteli, na Kihispania wanakielewa kidogo tu.

## Hatua ya 9: Siku ya kurudi

Rudi São Paulo siku moja kabla ya ndege ya kimataifa. Mvua moja ya alasiri ikifunga uwanja wa Rio, safari nzima inaanguka.

Begi kubwa likabidhi, lakini kadi ya njano ibaki na pasipoti mkononi. Afisa wa afya wa uwanja wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta atakuuliza umetoka wapi kabla hujafika dirisha la uhamiaji, na begi lako wakati huo bado liko kwenye tumbo la ndege.